Kabla Hujahamia Bwejuu ya Mafia: Nenda Dago Kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu wa mkoa mwingine anayefikiria kuhamia Bwejuu, kimoja cha visiwa vidogo vya wilaya ya Mafia. Huenda wewe ni mvuvi wa Kilwa au Tanga uliyesikia kwamba dagaa wa huko wanalipa. Huenda ni mwalimu au muuguzi uliyepangiwa kituo, na swali lako ni kama uende na familia au uende peke yako. Huenda ni mchuuzi wa pweza unayetaka kukaa karibu na mzigo, au kijana uliyeona picha za mchanga mweupe ukaanza kuota nyumba ya wageni. Sababu zenu ni mbalimbali, lakini mambo ya kupima ni yale yale.

Ushauri mkuu nautanguliza, ili hata atakayesoma aya hii tu aondoke nao: usihamishe nyumba kabla hujakaa huko msimu wa kusi. Wavuvi wa pwani yetu wana desturi ya zamani ya kwenda dago. Mtu huondoka kwao na chombo, nyavu, sufuria na mkeka, akapiga kambi kwenye ufukwe wa wenzake kwa idhini yao, akavua wiki kadhaa au miezi, kisha akarudi. Wapo waliokwenda dago wakaoa huko na kubaki maisha. Lakini hawakuanza kwa kuuza nyumba ya kwao. Hata kama kazi yako ni chaki, sindano au mizani, fuata njia hiyo hiyo.

Jua unakokwenda

Kwanza hakikisha mnazungumzia Bwejuu moja. Iko Bwejuu ya Unguja, kijiji cha pwani ya mashariki jirani na Paje na Jambiani, chenye hoteli na watalii wengi. Tangazo la kazi au la kiwanja likisema "Bwejuu" bila maelezo zaidi, mara nyingi ni la huko. Bwejuu ya Mafia ni kisiwa kinachojitegemea, na riziki yake kubwa inatoka baharini. Unapouliza habari, taja Mafia kila mara.

Kiserikali, Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani na makao makuu yake ni Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu. Pembeni yake kuna visiwa vidogo vinavyokaliwa na watu: Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika wilaya nzima, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 66,000. Takwimu hizo zina mambo mawili kwako. Hii ni wilaya ndogo ambayo watu wake wanajuana, kwa hiyo habari zako zitatangulia kufika. Halafu ni wilaya inayoongezeka watu kwa kasi, kwa hiyo usidhani maji, madarasa na mwamba wa kuvulia vinamsubiri mtu mpya.

Ugeni wenyewe si kitu kigeni huko. Mafia imejengwa na watu waliokuja kwa nyakati tofauti: Wambwera, Washirazi, Wagunya kutoka visiwa vya Lamu, Waarabu wa Oman waliopanda minazi na kuwatumikisha watumwa mashambani, watu wa Rufiji, Wamakonde kutoka kusini. Wenyeji wana uzoefu wa karne nyingi wa kupokea mgeni, na wa kumpima pia.

Pima njia kwa mzigo

Abiria mwenye begi moja huona safari ni rahisi. Kutoka Dar es Salaam kuna ndege ndogo zinazotua Kilindoni. Kwa nchi kavu unafuata barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, unaingia wilaya ya Kibiti, unakata Bungu kuelekea Nyamisati, kijiji kilicho kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo panapopandwa vyombo vya kwenda Kilindoni, kikiwamo kivuko cha serikali cha MV Kilindoni kinachoendeshwa na TEMESA. Safari za Nyamisati hufuata kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo weka akiba ya siku na pesa ya kulala njiani. Ukishafika Kilindoni bado hujafika Bwejuu, kwani utahitaji chombo kingine.

Sasa pima safari hiyo kwa mfuko wa saruji. Umepakiwa kwenye lori, umeshushwa Nyamisati, umepandishwa kivukoni, umeshushwa Kilindoni, umebebwa hadi majini, umewekwa kwenye mashua, kisha ukabebwa begani hadi ulipojenga. Kila mkono uliougusa umelipwa. Mtungi wa gesi, gunia la unga, bati na madaftari ya shule vyote hupita njia hiyo.

Fanya zoezi hili kabla ya kuamua. Andika vitu vyote unavyonunua kwa mwezi mmoja. Ukifika Kilindoni, uliza bei ya kila kimoja dukani, kisha uliza nauli ya mzigo hadi kisiwani. Jumlisha. Halafu uliza swali la pili: kukodi boti ya mashine usiku kumpeleka mgonjwa Kilindoni ni kiasi gani? Pesa hiyo iwe imekaa kando muda wote utakaoishi Bwejuu, na isiguswe kwa shida nyingine. Kama huna uwezo wa kuiweka, hujawa tayari kuhama na watoto.

Usalama wa safari usiuachie nahodha peke yake. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, uwe na jaketi lako la kujiokolea, na ukiona chombo kimezidishwa mzigo, shuka. Kuchelewa siku moja ni hasara ndogo.

Isome kalenda ya bahari

Mtu anayekwenda kutazama Mafia mwezi wa Desemba au Januari huiona ikiwa imejipamba. Upepo wa kaskazi ni wa kistaarabu, papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni, watalii wapo, samaki wanapata soko. Huo ni msimu wa kupenda mahali, na haufai kuwa msimu wa kuamua.

Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Mvua hunyesha kwa wingi, samaki na pweza hawakauki, na mzigo uliokusudiwa kuwa ng'onda unaweza kuoza mikononi. Kisha kusi hushika, na miezi ya Juni hadi Agosti bahari huchafuka. Kuna siku vyombo vidogo havitoki kabisa, na anayelipwa kwa alichovua hulala bila kitu. Hiyo ndiyo miezi utakayotaka kuona kwa macho: duka linaishiwa nini, watu wanakula nini, nani anakopesha nani, na wewe mwenyewe unalala usingizi wa namna gani. Upepo ukilegea na matlai kuanza, ndipo ulinganishe ulichokiona na ulichokuwa umekitarajia.

Ndani ya kila mwezi kuna kalenda nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu na wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu au kurudi kwao. Pweza wa mwambani hutafutwa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuwa wazi. Maji mafu ni siku za mapato madogo. Kwa hiyo usikadirie kipato kwa kuzidisha siku moja nzuri mara 30. Chukua mwezi mzima, wenye giza na mbalamwezi, bamvua na maji mafu, ndipo ugawanye.

Maji, afya, shule na umeme

Visiwa vidogo vya mchanga na mawe ya matumbawe vina maji baridi machache chini yake, na kisima kikichotwa sana maji huanza kuwa ya chumvi. Jibondo kwa miaka mingi ilijulikana kwa shida ya maji, na wakazi wake walizoea kukinga ya mvua na kuletewa mengine kwa vyombo. Ukifika Bwejuu, usiulize tu kama maji yapo. Onja maji ya kisima utakachotumia mwishoni mwa kiangazi. Waulize akina mama wanachota saa ngapi, foleni ni ya muda gani, na ndoo ya kununua ni bei gani. Wao ndio wanaojua, na jibu lao ni la kweli kuliko la mwenye nyumba anayetaka kukupangisha. Ukiamua kuhama, kitu cha kwanza kununua kiwe tangi na mfereji wa kukinga maji ya paa.

Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Mwenye ujauzito, mwenye sukari au presha, na mzazi wa mtoto mwenye pumu au selimundu afikirie umbali huo wa bahari kwa makini. Kwa mjamzito ushauri ni mmoja: akaribie Kilindoni au arudi kwao wiki kadhaa kabla ya siku zake, asingoje uchungu. Dawa za kila siku ziwe za miezi miwili. Na chandarua kisikose. Mafia ndiko mpango wa taifa wa kumeza kingatiba ya matende na mabusha ulikoanzia, mwaka 2000, kwa sababu ugonjwa huo unaoenezwa na mbu uliwaumiza watu wengi huko. Siku ya kumeza dawa ikitangazwa, nawe jitokeze na wenzako.

Kuhusu shule, nenda mwenyewe ukaone madarasa na uzungumze na mwalimu mkuu. Uliza walimu wangapi wapo kituoni leo, siyo wangapi wameandikwa. Uliza mtoto akifaulu anakwenda sekondari gani, anakaa kwa nani, na anarudi nyumbani lini. Kwa familia nyingi swali hilo la sekondari ndilo linaloamua yote. Usihamishe mtoto katikati ya mwaka wa masomo kama huna ulazima.

Umeme wa TANESCO wa kisiwa kikuu umetegemea mitambo ya mafuta, na kwenye visiwa vidogo sola ndiyo mkombozi. Kazi yako ikihitaji jokofu au kompyuta, panga mfumo wako wa sola na bei yake mapema. Mtandao wa simu nao upime kwa laini zaidi ya moja, mahali hasa utakapolala.

Riziki: nani atakulipa, na kwa nini?

Mvuvi mgeni ajue mgawo kabla ya kupanda chomboni. Desturi ya pwani ni kutoa kwanza gharama za safari, mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na nyavu, nahodha na mabaharia. Kila chombo kina hesabu yake, kwa hiyo uliza mbele ya shahidi. Uliza pia deni linakwendaje. Tajiri anayekupa mkopo wa kuanzia maisha mara nyingi hutaka umuuzie yeye samaki wako kwa bei yake. Mpango huo umewasaidia wengi wakati wa njaa, na umewafunga wengi wasiweze kuondoka. Ingia ukiwa na akiba ya kula msimu mzima, ili usilazimike kukopa wiki ya kwanza.

Mchuuzi naye asimame dikoni na kutazama kabla ya kununua. Soko lina watu wake, wenye wateja na ahadi za miaka mingi. Ukija na pesa nyingi na kupandisha bei kwa mwezi mmoja ili uwapokonye mzigo, utapata pweza na utapoteza kijiji. Ni afadhali ulete kinachokosekana, kama barafu, vichanja bora vya kukaushia, soko jipya la dagaa bara, au vipuri vya mashine za boti.

Anayeota utalii akumbuke kwamba kitovu cha utalii wa Mafia ni Utende na Ghuba ya Chole, na Kilindoni kwa papa potwe. Kujenga chumba kisiwani ni kazi ya mwanzo tu. Kumfikisha mgeni, kumpatia maji ya kuoga na kumrudisha awahi ndege yake ndiyo biashara yenyewe.

Ruhusa na sheria

Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano. Haki hiyo ni yako, lakini haikuondolei wajibu wa kubisha hodi. Beba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji chako, pamoja na kitambulisho cha taifa. Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla ya kushusha mizigo yote. Mvuvi aonane pia na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu anakiita BMU. Awe na leseni yake na ya chombo, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Apange pia na afisa uvuvi wa wilaya kuhusu ruhusa ya kuvua nje ya kwao.

Mambo matatu yameharibia wageni jina. La kwanza ni zana haramu: baruti, juya la kukokota na nyavu za macho madogo. La pili ni pweza mdogo, kwani kanuni za mwaka 2009 zimekataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. La tatu ni kutojali mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna maeneo yasiyovuliwa kabisa na mengine yaliyotengwa kwa wakazi. Mwenyeji atakuonyesha mipaka hiyo majini kwa kutumia alama za nchi kavu. Kaa naye chomboni mpaka uijue.

Ardhi: usinunue mwaka wa kwanza

Hili nalisema kwa mkazo. Kwanza panga, au jenga kibanda kwa idhini ya maandishi. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na maombi yake yanapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Karatasi iliyosainiwa na muuzaji na ndugu mmoja chini ya mwembe haitoshi.

Mafia ina jambo jingine linalowachanganya watu wa bara: mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na wenyewe wengine. Aliyekuuzia shamba huenda amekuuzia minazi tu. Uliza mambo mawili kwa maneno mawili tofauti, na majibu yake yaandikwe: minazi ni ya nani, na ardhi ni ya nani? Waulize majirani wa pande zote nne, na uulize kama kuna warithi walioko Dar es Salaam au Unguja.

Kiwanja cha kugusa maji nacho ni mtego. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bahari nayo ina sheria zake. Kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa na upepo mkali na mvua kubwa. Waulize wenyeji maji yalifika wapi, paa zipi ziling'oka, na nyumba zipi zilisalimika. Jenga palipo na majibu mazuri.

Kuishi na watu

Wengi wa wenyeji ni Waislamu, na maisha ya kijiji yanafuata sala, mfungo, maulidi, harusi na misiba. Hata kama dini yako ni nyingine, usile hadharani mchana wa Ramadhani, usilete pombe, vaa kwa staha, na uwaamkie wakubwa shikamoo bila kungoja kufahamiana. Mwite mzee kwa jina la heshima, na mama mwenye nyumba umwite Bi fulani. Msiba ukitokea, acha kazi uende. Mtu aliyeonekana kwenye mazishi mawili au matatu amejulikana kuliko aliyegawa zawadi kijiji kizima.

Tafuta mwenyeji wako mapema, mtu mmoja mwenye umri na jina jema, atakayekuongoza na kukuonya. Msikilize hasa anaponyamaza. Na usiwe mtu wa kusema kila siku "kwetu tunafanya hivi". Kama una ujuzi, uonyeshe kwa kazi, watakaotaka watakuuliza.

Uamuzi

Ukishakaa msimu wa kusi, keti na mwenzako wa ndoa mjibu haya bila kuogopana. Je, kipato cha mwezi mbaya kimetosha chakula na akiba ya boti ya dharura? Je, maji tuliyokunywa mwisho wa kiangazi tunaweza kuyanywa miaka kumi? Je, mtoto wetu mkubwa ana sekondari ya kwenda? Je, kuna watu watatu kisiwani wasio ndugu zetu ambao wangetugongea mlango tusipoonekana asubuhi? Je, sote wawili tunataka, au mmoja anamfuata mwenzake kwa kunyamaza?

Majibu manne mazuri kati ya matano ni ya kuendelea mwaka mwingine, bado ukiwa na nyumba yako ya zamani imepangishwa. Matano kwa matano, hama. Yakiwa matatu au pungufu, rudi kwa amani na uwe mtu wa kwenda na kurudi. Kurudi kutoka dago hakujawahi kuwa aibu kwa mtu wa pwani.

Ukibaki, baki kama mwanakijiji. Hudhuria mikutano, lipa ushuru, linda mwamba, na mgeni atakayekuja baada yako umwambie ukweli wote kuhusu kusi.